Chumba Kimoja cha Kuazima

Jumatano, Septemba 1998. Alasiri.

Joto limepungua kidogo, vumbi halijapungua. Mto umeshuka mpaka mchanga wa katikati unaonekana, na korongo wamesimama juu yake kama watu wanaongoja kuitwa ofisini. Nimekaa barazani, mgongo ukutani. Huu ukuta ndio habari ya leo.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani ninayekisoma ni mimi peke yangu. Hooyo, mama yangu, hajasoma. Dada yangu anayetutembelea kila Ijumaa anasoma Kurani tu. Daftari hili likiachwa wazi juu ya mkeka halina hatari.

Tangu maji ya mafuriko yalipotuingilia, mtaa wetu umepata sifa. Zamani ulikuwa "kule mtoni" tu. Ukitafuta mpangaji unamwambia ni kule mtoni, naye anauliza kama mamba hupanda mpaka mlangoni. Sasa watu wa mradi wa kuupanga upya ukingo wa mto wanauita mtaa wa kihistoria. Wamechora ramani kubwa na kuibandika kwenye ubao karibu na daraja. Kuna njia ya waenda kwa miguu, viti kumi na sita vinavyotazama mto, na miti kumi na miwili. Nani atakaa kwenye kiti cha saruji saa nane mchana hapa Garissa akitazama maji, sijui. Nilitafuta nyumba yangu kwenye ramani hiyo.

Mimi ni mti wa tisa.

Sina ubaya na miti. Ila kutoka mlangoni kwangu hadi majini ni hatua mia na themanini wakati wa kiangazi, na arobaini wakati wa masika. Nazijua kwa sababu nimezipiga tangu nikiwa na miaka minane, kwanza na mtungi mgongoni, halafu na punda mmoja na mapipa mawili, halafu na punda watatu. Nilichota huku, nikauza mjini mpaka mtaa wa Waberi. Kwa maji hayo nimejenga vyumba saba, kimoja baada ya kingine, mawe nikiyahesabu yanaposhushwa kwenye lori, kwa sababu mwenye lori naye alikuwa na hesabu yake. Baba alifariki mapema. Hakuna ndugu aliyeshika mwiko. Miaka yote hiyo historia ilikuwa hapa hapa na hakuna aliyekuja kuitazama.

Basi. Nimelalamika, sasa niandike yaliyotokea.

Sharti la mradi ni rahisi. Mwenye zaidi ya chumba kimoja, na aliyekaa hapa miaka ishirini au zaidi, anabaki na kupewa hati. Asiyefikia hapo anahamishwa kwenye viwanja vipya nje ya mji, ambako hakuna maji wala wa kumuuzia maji. Karani wa mradi, Bwana Mutua, amekuwa akipita nyumba hadi nyumba na fomu zake, na nyuma yake mtu mwenye makopo mawili ya rangi. Nyeupe ni ya wanaobaki: unaandikiwa ukutani namba ya nyumba na idadi ya vyumba. Nyekundu ni duara tu. Wa duara hahitaji namba.

Jumatatu nilirudi na punda nikakuta duara.

Lilikuwa kubwa kama sinia, limechorwa vizuri, katikati ya ukuta niliousakafia kwa mikono yangu. Hooyo alikuwa amekaa chini yake akisuka ukili. Nikamwuliza nani alikuja. Akasema mtu mmoja mpole, si Msomali, alimwamkia vizuri. Nikamwuliza walizungumza nini. Akasema alimwuliza maswali ya idadi, naye alimjibu anavyojibiwa mtu wa namna hiyo.

Nilimfuata Bwana Mutua mpaka mtaa wa pili. Hakunificha. Alifungua fomu akanionyesha mwandiko wake. Vyumba: kimoja, cha kuazima. Muda wa kuishi hapa: siku chache. Mwenye nyumba: hajulikani.

Alisema, "Nilimwuliza mara mbili, dada. Nilikuwa naona milango. Lakini siandiki ninachoona, naandika ninachoambiwa."

Halima, jirani yangu anayeuza maziwa ya ngamia, alikuwa amemfuata karani huko akisubiri fomu yake. Akacheka mpaka akashika kibuyu. "Abaayo, dada yangu," akaniambia, "wewe unayehesabu mpaka mbegu za papai, kwenu mmehesabiwa chumba kimoja."

Nilikuwa nahesabu siku. Orodha ilikuwa inafungwa Jumatano adhuhuri, na aliyetoa maelezo ndiye pekee anayeruhusiwa kuyabadilisha. Si mtoto wake, hata kama mtoto ndiye aliyejenga. Vyeti vyangu navyo havinisaidii. Nimezaliwa hapa, kwenye kiwanja hiki, lakini baba alituandikisha wote Ijara kwa ndugu zake, ili tuwe na kwetu. Kwenye karatasi mimi ni mgeni wa mto huu.

Ninayemlaumu ni nani? Ningekuwa mtu wa nje ningedhani mama huyu amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Wazee wetu wote wako hivyo. Mtu anayekuja kukuuliza una ngamia wangapi, watoto wangapi, unamwambia huna kitu, hata hiki kidogo ni cha watu. Kwanza kuna jicho la husuda. Pili kuna kumbukumbu: nilipokuwa mdogo walikuja watu kuhesabu mbuzi, na kwa waliotaja idadi ya kweli ndiko lori lilikorudi kuwachukua mbuzi. Hooyo anawajua mbuzi wake kwa kuwatazama wakiingia zizini jioni. Huyu mwenye doa yupo, huyu mkorofi yupo, yule mwenye pembe iliyovunjika hayupo, nendeni mkamtafute. Hajawahi kusema ni wangapi. Wala hajawahi kupoteza hata mmoja kwa kutojua.

Yote hayo nayajua. Na bado Jumatatu sikula naye chakula.

Jana nilijaribu kumfundisha. Nilikaa mbele yake kama mwalimu. Nikamwambia aseme vitu viwili tu, vyumba saba, miaka thelathini na nne. Basi, turudi nyumbani. Aliendelea kusuka. Nikarudia. Nikamwonyesha vidole. Nikamwambia duara lile maana yake nini, nikamweleza viwanja vya nje ya mji, nikampigia hesabu ya punda watakaokufa kwa safari ile. Nilipofika punda wa pili alinikatiza.

"Nilitaja mara moja," akasema. "Kisimani. Mwanamke aliniuliza una watoto wangapi, nikamwambia sita. Nilikuwa na furaha, nikasema. Kabla ya mvua walibaki wanne."

Kisha akaniuliza kama nimewapa punda maji.

Nina miaka thelathini na mbili na sikuwa nimewahi kusikia hiyo habari ya kisimani. Nilijua kuna wawili waliofariki kabla sijazaliwa. Ilikuwa ni habari tu, kama jina la babu. Nilitoka nikaenda kuwapa punda maji, ingawa walikuwa wameshakunywa.

Leo asubuhi sikumwambia kitu. Niliamua kwamba nimepoteza nyumba, nikaanza kupiga hesabu ya mabati: mangapi yanaweza kung'olewa bila kutoboka, mangapi ya kuacha. Nilifika arobaini na mbili nikasikia fimbo yake. Amevaa gauni la Idi na shuka jipya.

"Twende kwa huyo mtu mpole," akasema.

Meza ya mradi ilikuwa chini ya turubai karibu na ile ramani. Saa tano na nusu. Watu wengi, na Halima akiwemo, ameshapata rangi nyeupe na bado amekuja kutazama. Bwana Mutua alisimama akampa Hooyo kiti chake mwenyewe. Akafungua fomu, akamwuliza kwa upole: mama, vyumba ni vingapi?

Nilianza kuhesabu pumzi zangu, sina aibu kusema.

Kiswahili cha Hooyo ni cha sokoni, lakini leo alikitumia chote.

"Iko chumba ya mwalimu," akasema. "Iko ya dereva, ile anakoroma. Iko ya mahindi. Iko yangu. Iko ya huyu, hapana lala, naandika andika tu."

Watu wakacheka. Bwana Mutua hakucheka. Niliona mkono wake wa kushoto uko chini ya meza, na vidole vinakunjwa kimoja kimoja. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

"Iko ya wageni ya Ijara. Iko ile mlango yake haifungi."

Saba. Nilivuta pumzi. Nikashika fimbo yake nimwinue.

"Na ile aqal," akasema.

Aqal ni nyumba yetu ya fito na mikeka, ile inayofunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Hujengwa na mwanamke na ni mali yake. Hooyo alikuja mtoni na yake, akaisimamisha pale jikoni palipo sasa. Alisema kwa sauti ile ile aliyomtaja nayo dereva anayekoroma kwamba iko hapo, mlango wake unatazama mto, na ndani yake wako wawili wamelala.

Bwana Mutua alinitazama mimi. "Hicho cha nane kiko wapi?"

"Kilikuwa pale jikoni," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Sharti la mradi linasema chumba kilichochukuliwa na mafuriko kinahesabiwa. Nilijua anachofikiri. Sikusema ni mafuriko. Sikusema pia kwamba siyo. Naandika hilo hapa kwa sababu ni lazima liandikwe mahali.

Kwenye miaka ilikuwa vile vile. Hakutaja hata namba moja. Alitaja miaka kwa majina yake, kama wanavyofanya wazee: mwaka mbuzi walipokula viatu, ndio tuliokuja. Halafu mwaka wa nzige wawili wawili. Halafu mwaka wa ndoa ya shangazi, mwaka wa maziwa machungu, mwaka mto ulipokatika ukabaki madimbwi. Mimi nikikunja vidole, Bwana Mutua akikunja vyake, na nyuma yangu nikamsikia Halima naye akinong'ona, maana miaka mingine ilikuwa yake pia. Karani alipopotea katikati alimwuliza ni mingapi sasa. Hooyo akanielekeza kwa kidevu.

"Uliza huyu. Yeye ndiye ya hesabu."

Nilisema thelathini na nne. Ilikuwa ile ile niliyomfundisha jana, lakini jana ilikuwa imetoka kwangu kwa kukadiria. Leo ilijazwa mwaka kwa mwaka.

Bwana Mutua alikata mstari mwekundu juu ya maelezo ya Jumatatu. Kabla ya kuandika idadi mpya alisimamisha kalamu, akamtazama Hooyo, akasema, "Mashallah." Yeye ni Mkristo kutoka Kitui, lakini amekaa huku vya kutosha kujua idadi inatangulizwa nini. Hooyo akamwambia asilete karani mwingine, arudi yeye mwenyewe. Halima akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Eeddo, shangazi, hata mimi sasa nakuonea wivu, niombee." Hooyo akamwambia aanze kwa kuacha kutia maji kwenye maziwa.

Tulirudi kwa miguu. Alikuwa amechoka, na kwenye mteremko aliniegemea. Tulipofika akalala.

Mtu wa rangi alifika baada ya sala ya adhuhuri. Alipaka chokaa juu ya duara mara tatu na bado linaonekana ukilijua lilipo. Pembeni akaandika kwa rangi nyeupe namba ya nyumba, na chini yake, 8.

Ni namba isiyo sahihi. Nimekaa nayo tangu wakati huo. Niliyejenga ni mimi. Mawe nimeyahesabu mimi, mabati nimeyahesabu mimi, na jikoni nimepika miaka kumi na tano nikikanyaga pale pale walipolala wale wawili. Kila mtu aliyeniuliza nimemwambia saba. Aliyedhaniwa hajui kuhesabu ndiye pekee aliyekuwa na hesabu kamili, ila hakuwa akiitaja.

Nyumba imebaki. Hilo ndilo nililolitaka, na limepatikana. Viti kumi na sita vitawekwa, na mti wa tisa watatafuta mahali pengine. Sijui kwa nini sina furaha ya mtu aliyeshinda. Labda kwa sababu Jumatatu nilikataa kula pamoja na mtu mwenye miaka sabini, kwa kosa la kunilinda.

Hooyo alipoamka alitoka nje, akasimama mbele ya ile namba muda mrefu. Hajui kusoma, lakini alijua ni idadi. Akaingia chumbani kwake akatoka na mkeka. Ni ule wa aqal, kipande cha mwisho kilichobaki, umekuwa mweusi kwa moshi. Akaniomba nyundo. Akautundika juu ya namba, ukafunika yote.

Mradi umesema wazi kwamba namba ionekane wakati wote. Nilitaka kumwambia, nikaacha.

Upepo wa jioni umeanza kutoka mtoni, na mkeka unapigapiga ukuta nyuma ya kichwa changu. Ameuning'iniza kwa msumari mmoja tu. Kesho, kabla sijafunga punda, nitapiga wa pili.