Ukili Wenye Jina Lako

Kibiti,
Jumanne, baada ya adhuhuri.

Kwako dada yangu Nasra, Salale,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Abdulaziz na watoto, na lile goti lako liwe limetulia tangu mvua zilipopungua. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Baba Zawadi bado yuko Mloka kikazi, anasema tembo wamemaliza mahindi ya wenyeji wake na sasa wanaangalia mihogo. Zawadi ameingia darasa la nne, anasoma kila kinachopita mbele ya macho yake, hata maandishi ya kwenye magunia ya mbolea.

Najua utashangaa kuletewa barua na simu ninayo. Kwenye simu, dada, ningekusalimia, ningeuliza bei ya kamba wabichi, kisha ningesema mtandao unasumbua na kukata kabla sijafika penyewe. Karatasi hainipi nafasi hiyo. Abdalah wa boti atakukabidhi barua pamoja na mzigo ulioshonwa ndani ya gunia. Tafadhali soma kwanza, gunia ulifungue baadaye. Nakujua, mikono yako haina subira.

Duka langu la kuchapa fulana linakwenda, na linakwenda kwa sababu ya fulana moja tu, ile ya "Maji yakijaa tutapita". Nyingine ni za kujazia ukuta. Wananunua waliofeli wakarudia mtihani, wananunua madereva wa bodaboda, wananunua hata walimu wa kutoka bara ambao maji kujaa na kupwa wameyasikia tu. Kila mmoja ana jambo lake lililokwama.

Mwaka jana alishuka dukani kijana wa Dar anaitwa Mudy. Akanunua fulana kumi na mbili, akasifu mpaka nikampa soda ya bure, mjinga mimi. Mwezi uliopita nikapata barua ya wakili wake. Inasema Mudy ameomba kusajili maneno yale yawe alama yake ya biashara kwa nguo na kofia, na mimi niache kuyauza mara moja. Nilizunguka soko zima nikisema mwizi kaniibia maneno yangu. Maneno yangu, ndivyo nilivyosema, na watu wakanipa pole.

Kristina, afisa maendeleo ya jamii, akanipeleka kwa afisa biashara, Bwana Joachim. Ni mtu wa bara, anaongea polepole utadhani kila neno analidarizi. Nilikwenda nikitaka Mudy akamatwe. Yeye akanieleza kwamba hakimiliki hailindi usemi mfupi kama ule. Inalinda kazi iliyotungwa, kama hadithi, wimbo au mchoro. Maneno matatu ambayo yeyote anaweza kuyatamka akivuka mto hayana mwenyewe. Nikamuuliza, kama hayana mwenyewe, huyu Mudy anadai nini basi? Ndipo akaniambia neno ambalo bado linanizunguka kichwani.

"Chumvi haina mwenyewe, mama, lakini kifuko cha chumvi kina jina la mtu. Alama ya biashara ni lile jina la kwenye kifuko."

Akaendelea kwamba maneno yakijaa kifuani pa fulana mnunuzi huyaona kama pambo, lakini yakiwa kwenye lebo ya shingoni, yakimwambia fulana imetoka kwa nani, hapo ndipo yanapokuwa alama. Tena alama husajiliwa kwa aina ya bidhaa. Anayepewa kwa nguo hajapewa kwa mikeka. Hilo nililishika kwa ajili yako, kwa hiyo suka mikeka yako bila hofu. Isitoshe, Mudy hajapewa bado. Ombi lake limetangazwa, na kila mwenye pingamizi ana miezi miwili ya kulileta. Leo ninapoandika zimebaki siku kumi na tisa. Zikipita, duka langu litabaki na fulana za kujazia ukuta.

Bwana Joachim akataka ushahidi wenye tarehe, wa kuonyesha kwamba huku kwetu maneno yale yalikuwa kwenye bidhaa kabla Mudy hajaleta miguu yake. Risiti sikutunza. Simu yenye picha za mwanzo iliniponyoka majini pale Nyamisati. Nina kitu kimoja tu chenye tarehe, na wewe unakijua kwa sababu ulikisuka.

Mficha uchi hazai, dada, nami nimeficha vya kutosha. Siku ile boti ilipokwama kwenye tope maji yamekupwa, mimi nina uchungu wa Zawadi, nililia kwamba nakufa na mwanangu tumboni. Ukakaa nyuma yangu, ukanishika kiuno, ukaniambia, "Maji yakijaa tutapita." Ukarudia na kurudia mpaka yakajaa kweli. Siku ya arobaini ukaniletea mkeka. Katika zile kanda ndefu ulizosuka na kuziunganisha, kwenye ukili wa katikati umesuka maneno yale kwa ukindu mwekundu, na kwenye ukili wa pembeni umesuka Nasra, Salale, 2015.

Mkeka huo niliutundika dukani, na fulana nikaitoa humo. Wateja wakawa wanausoma na kuuliza Nasra ni nani. Mwanzoni niliwaambia ni dada yangu. Baadaye nikachoka. Hapana, huo ni uongo, sikuchoka. Nilipenda kuitwa mama wa maneno. Kabla ya maonyesho ya wajasiriamali nilichukua wembe, nikafumua mshono, nikautoa ukili wenye jina lako. Mtu wa redio alipouliza nani kayatunga, nikasema mimi.

Kisha ukaja kwangu siku ya Idi. Ulisimama mbele ya mkeka ule ukautazama, ukaomba maji ya kunywa, ukasema samaki wako wataharibika, ukaondoka kabla ya pilau. Mimi nikamwambia baba Zawadi kwamba dada siku hizi anajisikia. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema.

Ukili sikuutupa. Nilikuwa nimeuviringisha chini ya sanduku la nguo. Nimeushona tena mahali pake, siku mbili, na mshono wangu utautambua kwa sababu unapinda. Nikaupeleka mkeka kwa Bwana Joachim. Akaupiga picha, akasoma, naye akauliza Nasra ni nani. Nikamwambia ni dada yangu, na maneno ni yake, na mimi niliyemlilia mwizi soko zima nilianza kumwibia yeye. Bwana wa watu akanihakikishia kwamba kisheria sikuiba chochote, maana usemi ule hauna mwenyewe. Nilifurahi kwa dakika mbili hivi.

Ndani ya gunia kuna mkeka wako. Ndani ya mkeka kuna fomu ya pingamizi. Nimeandika jina lako juu na langu chini yake, kwamba tuliotangulia kuyaweka maneno kwenye bidhaa ni sisi wawili, na wewe wa kwanza. Pangu nimeshasaini. Ukitaka, saini pako umpe Abdalah. Usipotaka, usisaini, nami sitakuja Salale kukubembeleza. Nitachapa maua. Mkeka ukae kwako kwa vyovyote, mpaka wewe mwenyewe uone unafaa kurudi huku.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto, na mama yake Dulla hapo jirani mwambie dawa yake ya mgongo nimeipata. Zawadi anakuamkia. Juzi alinikuta nashona, akasoma ule ukili kwa sauti, akaniuliza kama Nasra huyo ndiye mama mkubwa anayetuletea kamba. Nikamwambia ndiye. Akauliza mbona siku zote hakuwepo kwenye mkeka. Nikamwambia nitamjibu ukishanijibu wewe.

Wasalaam.

Mdogo wako,
Rukaya