Mahindi Yaliyosahau Juu ni Wapi

Mama, shikamoo.

Huku Iyula baridi inauma masikio, lakini juzi nilitetemeka kwa jambo jingine kabisa. Mashine ya kusaga ya kijiji inaendeshwa na gurudumu la maji, nalo linazunguka usiku na mchana. Punje za mahindi zilinasa kwenye matope yaliyoganda kwenye mbao zake, zikaota humo humo. Mama, nilipiga kelele! Miche yote imeelekeza vichwa katikati ya gurudumu, na mizizi imetokeza nje, inaelea hewani. Majani yamekuwa ya zambarau kama yamepigwa na baridi. Wanawake walishaanza kurudi nyumbani na mahindi yao bila kusaga, wanasema mashine imerogwa.

Mwenyeji wangu, Mama Tabu, akabandua mche mmoja, akaulaza kwenye kopo lenye udongo. Asubuhi yake tuliukuta umepinda shingo, unatazama juu kama mahindi ya watu wote. Akawaita wenzake, akacheka: “Kumbe ulipotea njia tu kwa kuzungushwa na gurudumu, maskini!”

Mwambie baba, anayesema safari zimenipinda, asinichoke. Nikifika nyumbani nitanyooka.

Mwanao akupendaye,
Neema