Nanaa ya Mama Nyuma ya Chumba cha Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Gauni la bibi harusi limeota ukungu. Gauni jeupe! Madoa ya kijani kifuani kabisa. Nimelisugua kwa ndimu na chumvi mpaka vidole vinawasha. Ukuta wa chumba changu cha cherehani umelowa tena, rangi inabanduka, na nyuma ya ukuta huohuo ndiko Mama alikopanda nanaa yake. Nimemwambia udongo ule una maji mno. Akasema ndiyo maana kapanda pale. Nimechoka.

Alhamisi, 6 Machi
Wagonjwa wa Mama wameanza kupita tangu asubuhi, wanafuata dawa ya nanaa. Huyu tumbo limejaa gesi, yule kichefuchefu, jirani wa kushoto hana ugonjwa wowote, anatafuta pa kukaa. Mlango wa nyuma uko chumbani kwangu, kwa hiyo wote wanapita katikati ya vitambaa na matope miguuni. Mume wangu anamwita mkwewe Daktari — na Mama anaitika! Mume huyu kucheka anajua, kufagia hajui.

Lakini haki isemwe. Alipokuwa bado kwake, watu walimfuata kwa dawa usiku na mchana. Magoti yalipomleta hapa akawa mtu wa kulishwa, anashinda kitandani akitazama dari. Tangu nanaa ishike, anaamka kabla yangu. Nafurahi. Ukuta bado umelowa.

Jumamosi, 8 Machi
Mume wangu kampeleka Mama kliniki ya magoti. Wakaondoka, nikamwita fundi bomba. Kachimba pembeni — kumbe bomba la jikoni limepasuka chini kwa chini, linavuja siku nyingi. Kabadilisha kipande, kafukia. Jani hata moja hakugusa, nilimsimamia kama askari. Mama karudi, hakuona kitu. Kidogo niimbe.

Ijumaa, 14 Machi
Ukuta mkavu. Nanaa inakufa.

Majani yamejikunja, na jua la wiki hii nalo linakomoa. Bomba ndilo lililokuwa linamwagilia! Na mimi na akili zangu zote sikuliwaza hilo. Mama kasimama pale na fimbo yake, anatazama kiganja. Ati mkono wake umeishiwa. Mama yake alimfundisha hivyo: dawa ikikufia mkononi, imekukataa. Nikaenda kukata mikono ya blauzi. Nimekata yote miwili ya kulia.

Jumatatu, 17 Machi
Namwagilia kabla hajaamka. Ndoo baada ya ndoo, udongo unameza tu. Mgongo wangu!

Jirani wa kushoto kaja, leo tumbo linamuuma kweli. Mama kamrudisha. Kamwambia aende hospitali, yeye hana dawa tena. Jirani kaniuliza pembeni kama Mama anaumwa.

Jioni nikaamua liwalo na liwe, nikamweleza: bomba lilikuwa linavuja, nikalitengeneza, ndiyo maana nanaa imekauka. Kanishika shavu. Kasema nina moyo mzuri, ila nisimtungie hadithi za kumbembeleza. Nikaapa. Akazidi kunihurumia! Siku niliyosema kweli tupu ndiyo siku ninayoonekana mwongo.

Jumatano, 19 Machi
Tangu jana Mama hatoki chumbani. Chai imepoa kwenye kikombe. Siwezi kuvumilia.

Nimemwita fundi bomba. Nimemwambia alegeze kiungio, livuje tone tone. Kanitazama sana. Kasema tangu aanze kazi hii watu wanamwita azibe. Na ukuta je? Nikasema vitambaa vitahamia chumbani kwetu. Mume wangu alikuwa mlangoni, na leo hakucheka.

Sasa fundi ameshafukua. Spana iko kwenye nati, anasema hawezi kupima matone, huenda maji yote yakamwagika, niamue mwenyewe. Nimeingia ndani eti kutafuta ndoo. Ndoo iko mbele yangu, naandika.

Dirisha la Mama limefunguka. Anauliza nani anachimba dawa yake. Fundi anamjibu, tena kwa hasira: Jumamosi ile nililitengeneza bomba hili vizuri, leo mwanao anataka nilivujishe.

Basi kasikia mwenyewe kwamba sikumtungia hadithi.

Fimbo. Iko kwenye korido, inakuja huku, haraka kuliko magoti yale yalivyowahi kwenda. Ananiita kwa jina langu lote, lile la kuchapwa. Nitagombezwa na umri huu, mbele ya fundi — na mimi nakaa hapahapa, namsubiri