Hita Niliyokuambia Haitengenezeki

Mwalimu,

Hita ya gari lako inafanya kazi. Nimeona nianze na hilo, maana nikianza na salamu nitapiga chenga mpaka karatasi iishe, na unanijua nikiwa na jambo.

Ni mimi Njoroge, fundi wako wa gereji ya pale Adams. Najaribu kuandika Kiswahili kizuri. Ukiona nimekosea huko uliko, cheka tu, kalamu nyekundu uiache. Miaka kumi na minane umenisahihisha nikiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. "Si kitu yangu, fundi. Kitu changu." Nami nakujibu, wewe nipe spana namba kumi na tatu, mambo ya ngeli tutaongea nikitoka. Tangu tukuzike Machakos hakuna mteja hata mmoja amenisahihisha. Wananiongelesha vibaya kama mimi, tunaelewana, na gereji imekuwa mahali pa kazi tu.

Mama Ndinda yuko. Kiti chako amekitoa kwa balkoni, anasema kila akipita alikuwa anakisalimia. Binti yako Ndinda amerudi kazini. Vijana wa jengo lenu pale Kilimani bado walikuwa wanapiga picha na hilo gari lako la kizamani mpaka nilipoliondoa, wanaegemea boneti kama wamelinunua wao.

Sasa hilo gari.

Wiki moja baada ya mazishi Mama Ndinda aliniita. Nikadhani ni betri. Kumbe ufunguo ulikuwa juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe, na Ndinda amekaa kando ya mamake. Wakaniambia kwamba siku mbili kabla hujatuacha ulisema gari nipewe mimi. Mama Ndinda akayarudia maneno yako vile ulivyoyasema: "Apewe Njoroge. Yule hajawahi kunidanganya."

Mwalimu, nilichukua ufunguo. Ningesema ukweli pale pale, mdomo ukakataa. Nikasema asante Mama, nikashuka ngazi mbio kama mwizi. Nilikuwa nalitamani hilo gari la krimu tangu siku ya kwanza ulipoliingiza gerejini kwangu, usijifanye hukujua. Na nimelipata kwa uongo.

Unakumbuka ile Jumapili Mama Ndinda akiwa na viatu vyake vyeupe vya kanisa, maji ya kijani, moto, yakamwagikia miguuni? Alipiga ukemi mpaka ukasimamisha gari katikati ya Ngong Road. Jumatatu ukaniletea. Hita, kile kidude cha kupasha joto ndani ya gari, ilikuwa imetoboka. Sasa kuitoa hiyo hita ni lazima ung'oe dashibodi yote, siku mbili mgongo umepinda, skrubu zinaangukia mahali hata Mungu anauliza ziko wapi. Nilikuwa na magari matano yananingoja. Nikafanya vile mafundi wa hapa tunafanya: nikakata paipu mbili zinazopeleka maji moto kwa hita, nikaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, hita ikabaki kavu. Na nikiwa hapo hapo nikatoa thamostati, kale kakifuniko kanakozuia maji mpaka injini ipate joto. Nairobi hii tunaitoa hata bila kumuuliza mwenye gari. Tunasema huku si Ulaya, afadhali injini ikae baridi kuliko ichemke.

Ukaniuliza, na hita je? Nikakujibu bila kupepesa macho: "Hiyo imekufa, Mwalimu. Haitengenezeki. Spea zake haziko tena duniani."

Sikuwa nimetafuta. Duka moja sikuwa nimeingia. Ulicheka ukasema haina neno, nani anahitaji hita Nairobi. Nami nikacheka.

Miaka sita baadaye figo zako zikagoma.

Sitaki kuandika hii sehemu lakini nitaiandika. Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja na nusu asubuhi, nakuja kukuchukua twende hospitalini Parklands ukasafishwe damu. Ndinda alitaka uende na teksi za simu, gari za kisasa zenye joto. Ukakataa. Ukasema utaenda na gari lako na fundi wako, mjadala umefungwa. Mama Ndinda anakufunga blanketi mbili, kofia ya sufu, chupa ya maji moto mapajani. Mvua za Aprili zikaisha, ikaja ile baridi ya Juni, ikaja Julai yenyewe. Ukungu unajaa kwa kioo ndani, mimi nashika usukani kwa mkono mmoja na kupangusa na gazeti kwa huo mwingine. Ukaninyang'anya gazeti. "Endesha, mimi ndiye waipa ya kioo." Ukapangusa upande wako, ukainama ukapangusa wangu, na ule mkono wako wa bandeji.

Kurudi ndiko kulikuwa kubaya. Nesi aliniambia mtu akitoka kwa ile mashine baridi humwingia mpaka mifupani. Niliiona kwa macho yangu. Siku moja tumekwama kwa foleni, meno yako yanagongana, ukasema polepole, "Fundi, leo ndiyo ningeitaka hiyo hita." Nikasema, "Ni spea, Mwalimu." Sikugeuka kukutazama. Ukaweka mkono begani kwangu. "Najua. Ungeweza, ungetengeneza."

Kila Ijumaa niliapa wiki ijayo nitaifungua. Sikuifungua. Unajua kwa nini? Kwa sababu ingefanya kazi. Ingefanya kazi, nawe ungeniuliza spea imetoka wapi, na ningekuwa sina pa kuficha uso. Nilikuacha kwa baridi nikilinda jina langu. Hiyo ndiyo habari yote, sina namna nzuri ya kuisema.

Baada ya kupewa ufunguo gari lilikaa gerejini wiki mbili, silitazami. Halafu siku moja nikafunga geti, nikaambia wateja nimesafiri, ona sasa, uongo mwingine, nikang'oa dashibodi. Aki Mwalimu, huko ndani! Njia ya hewa ilikuwa imejaa maua ya jakaranda yaliyooza, miaka na miaka umeegesha chini ya miti. Kibao kinachoelekeza hewa miguuni au kwa kioo kilikuwa kimekwama na waya wake umekatika. Nikaweka waya wa breki ya baiskeli, ukatosha sawasawa. Hita yenyewe nikaipeleka mjini, Kirinyaga Road, kwa mzee mmoja anayeziba rejeta zinazovuja. Akaigeuza, akaipuliza, akaiziba kwa risasi ya kuyeyusha kabla chai yangu haijapoa. Hakuhitaji spea yoyote. Nilikaa kwa benchi lake nikalia, akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo.

Thamostati niliipata duka la tatu. La tatu, Mwalimu. Ilikuwa kwa rafu imeshika vumbi.

Nikafunga kila kitu, nikajaza maji, nikawasha, nikangoja mshale wa joto upande. Nikavuta swichi. Kwanza likaja vumbi, halafu harufu ya yale maua, halafu joto. Likanipiga miguuni, likapanda kwa kioo, kioo kikawa safi. Nikaizima haraka. Sikuweza kukaa mle ndani na hilo joto peke yangu.

Ningeweza kunyamaza. Gari ni langu, limepona, wewe huwezi kuuliza. Siku tatu nilijiambia hivyo na chakula hakishuki.

Jumanne nikalipeleka Kilimani, saa zile zile zetu, maana Mama Ndinda bado huamka saa hizo. Akashuka na leso mabegani, akaketi mahali pako. Nikawasha hita. Akaweka mikono mbele ya ile hewa akatabasamu, mara ya kwanza tangu Machakos. "Ai, Njoroge! Kumbe inawezekana?"

Nikamwambia. Nilitazama usukani nikamwambia yote, paipu, dashibodi, duka la tatu, hata lile la kukwama kwa foleni na mkono wako begani. Nilipomaliza akaiondoa mikono mbele ya ile hewa.

Halafu akasema, "Zima."

Nikazima.

"Twende Parklands."

Akavua leso, akaikunja akaiweka mapajani. Tukaenda. Baridi ya asubuhi bado ina meno, ukungu ukajaa kwa kioo, nikapangusa na kiganja. Hakunisaidia. Nilimwona anatetemeka, nikaendelea kuendesha. Pale getini nikasimama mahali nilipokuwa nakushushia.

Akaniuliza, "Mara ngapi?"

"Thelathini na tatu, Mama."

"Kuja na kurudi," akasema.

Hapo ndipo alipolia. Nami nililia, lakini upande wangu, sikuthubutu kumgusa. Watu wakapita wakidhani tumetoka kupewa habari mbaya huko ndani. Baadaye akapangusa uso, akajifunga leso. "Sasa washa. Turudi."

Tulipofika mlangoni kwenu akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akaniambia gari sitapewa, maana ulinipa kwa sababu ambayo si kweli. Ila Jumapili saa mbili nije nimpeleke kanisani, na likiharibika nitalitengeneza mimi, si mwingine. Nilisema sawa Mama. Sikufichi, niliumia. Nilitembea kwa mguu mpaka Adams nikiwa nimeumia kwa ajili ya gari, na ndani ya huko kuumia nikasikia njaa, nikala.

Sasa ni Jumapili ya tatu. Hajasema amenisamehe, nami simuulizi. Anakaa kiti cha nyuma. Joto halifiki vizuri huko, nilimwambia, akanijibu anajua.

Mwalimu, yeye nimemwambia, lakini aliyepaswa kuambiwa ni wewe. Ulikuwa umekaa pale, naweza kukugusa, mara thelathini na tatu, kuja na kurudi. Nilikuwa na muda mwingi sana wa kusema maneno mawili.

Kwaheri, rafiki yangu. Nakuahidi hili: mtu akiniletea gari na kazi ikanishinda kwa uvivu, nitamwambia ni uvivu. Nimeanza. Juzi nilimwambia mama mmoja, "Inawezekana, ila leo sitaki." Alikasirika akaenda kwa fundi mwingine. Nikamwacha aende.

Nilikudanganya, Mwalimu.

Njoroge