Nyuma ya Milingoti, Clintonville

Kaka Eliya,

Sijawahi kumwambia mtu: naogopa kucheza mpira, ingawa kwetu wote ni wachezaji. Jana hapa Clintonville, mtaa wa Columbus, Marekani, niliwakuta Waaustralia wakicheza mpira wao wenye umbo la yai. Mwamuzi wa goli, mzee mcheshi mwenye koti jeupe na bendera mbili za kuashiria goli, alisema babu wa babu yake aliucheza mchezo ulipoanza, pamoja na kaka zake. Babu huyo alipoishiwa kasi, akawa mwamuzi wa goli.

“Kaka zake hawakumcheka?” nikamuuliza.

“Walimcheka hadi akazikwa! Lakini nyumbani hawakuanza kula kabla hajafika.”

Kaka, nikirudi Jumamosi msinipange kwenye timu. Nawapenda wote, mbusu Mama.

Mzee alipotaka kupumzika, nilivaa koti lake jeupe, nikasimama nyuma ya milingoti. Mpira ulipopita katikati, nikapunga bendera zote mbili: goli!

Mdogo wako,
Amani