Programu Mbili za Baba

Shoga, nimejifungia bafuni nalia.

Si unajua tangu baba apate kiharusi mkono haufanyi kazi, ulimi nao mzito? Na kitabu chake hajakimaliza.

Leo nimemwekea programu mbili za kuandikia kwenye kompyuta, achague. Mimi namsifia hii ina herufi nzuri, ile inasahihisha makosa. Yeye anataka kitu kimoja tu: aseme, iandike.

Ya kwanza ikaandika upuuzi mtupu. Ya pili haikuandika chochote. Baba yangu, mtangazaji wa redio! Sauti ile!

Akanigeukia. "Na wewe mwanangu, unanielewa, au unaitikia tu?"

Nikasema, "Nakuelewa, baba."

Shoga, hilo swali lenyewe amelirudia mara tatu ndipo nikalipata.