Bakuli la Marsaili

Binti yangu Marsaili,

Natumai mbio zako za milimani zinakwenda vizuri huko Glasgow. Huku kisiwani upepo umeng'oa paa la banda, lakini kuku wote wazima.

Nimefurahi unakula uji wa oti upate nguvu. Ila achana na zile oti laini za pakiti. Nunua zilizokatwa nene, uziloweke usiku, utie chumvi kidogo. Na ukoroge kwa mkono wa kulia, kufuata jua, kama mishale ya saa. Bibi yako alisema anayekoroga kinyume humwita mlaji mwingine. Najua wewe ni wa mkono wa kushoto, mwanangu, lakini jitahidi.

Kwenye picha uliyotuma umekonda mno. Mimi bado nakuwekea bakuli lako la uji mezani, mazoea tu. Siku hizi nikirudi kutoka kukamua ng'ombe nalikuta limelambwa, kijiko kimelazwa upande wa kushoto.

Jirani yetu Effie alinicheka. "Paka huyo, mama Marsaili."

"Paka gani anatumia kijiko, Effie?"

Akafunga koti lake akaenda zake.

Kula ushibe, mama. Au njoo nikuone kwa macho. Ukifika, bisha hodi nijue ni wewe. Huyu anayekula habishi.

Mama yako anayekuwaza,
Peigi